Dakika Kumi za Mihayo

Jana mchana, saa nane ikiwa imepita kidogo, niliota kwamba namba yangu ya simu imeitwa gerezani, na mimi natakiwa niifikishe ikiwa kamili.

Sikukusudia kulala. Jumapili, saa nane hadi saa kumi alasiri, ndio muda ambao mdogo wangu Mihayo anaruhusiwa kupiga simu nyumbani, dakika kumi tu. Anatumikia miezi kumi na minane kwa kosa la kukata miti ya mininga katika msitu wa hifadhi, na huu ni mwezi wake wa tisa. Namba yangu nimeiandikisha mwezi uliopita tu, na tangu hapo nimempoteza mara mbili. Jumapili ya kwanza nilikuwa kisimani, simu ikalia peke yake juu ya kabati mpaka ikachoka. Ya pili niliipokea. Yule mwanamke wa mashine akasema nibonyeze moja kama nakubali kuongea na mfungwa, nami nikamjibu kwa mdomo, kwa adabu zote, kwamba nakubali, nakubali sana. Ikakatika. Kumbe yule hasikii.

Jana ilikuwa lazima nimpate. Mkewe, Siwema, amejifungua mtoto wa kike, siku ya ishirini na mbili sasa, na mtoto hana jina. Siwema kaapa kwamba jina litatoka kwa baba wa mtoto au halitatoka kabisa. Mama yetu, Kalunde, kasema yeye hayo hayamhusu. Hajamtaja Mihayo tangu siku ya hukumu, kwa sababu Mihayo alimwapia kwa kaburi la baba kwamba ameacha kazi ya mbao, na hakuwa ameacha. Basi mtoto tunamwita Mgeni, na majirani wanatuangalia.

Nikajilaza mkekani, simu kifuani, nikafumba jicho moja. La pili likalifuata.

Ile karatasi ya masharti, niliyopewa na askari wa mapokezi nikaibandika ukutani, inakohoa. Inajibandua, inashuka, inavaa kandambili zangu.

"Sharti la kwanza," inasema. "Namba iwe imeandikishwa."

Naieleza kwamba nilikwisha kuandikisha, nilipeleka kitambulisho, nikaweka na dole gumba.

"Wewe umeandikishwa," inasema karatasi. "Yenyewe je?"

Nafungua mlango wa jikoni nitoke uani, natokea mapokezi ya gereza. Benchi ni lile lile refu, kaunta ni ile ile ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya watu. Namba yangu imepanga foleni, tarakimu zote, kila moja kimo cha mtoto wa darasa la pili. Sifuri ametangulia kama kawaida yake, tumbo mbele. Askari anaita majina. Anafika kwa Tano, anaita mara mbili, kimya.

"Amekwenda kusuka," anasema Saba, bila kunitazama.

Askari ananieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba namba isiyo na Tano wake inaita vilevile, ila inaita kwa watu wengine. Mihayo amekwisha kupiga. Amepokelewa na mzee mmoja wa Sumbawanga ambaye wanawe hawampigii, na sasa wanaongea habari za maharage. Mzee hataki kukata. Askari anaona ni vizuri nifanye haraka.

Naingia saluni. Saluni imo ndani ya darasa langu la nne, madawati yamesogezwa ukutani. Tano ameketi kwenye kigoda, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Anasema haji. Anasema tangu darasa hili hili namwandika bila kofia, ameishi miaka yote akidhaniwa ni herufi S, na juzi kwenye fomu ya gereza karani aliuliza mara tatu, "Hii nini?" Mbele za watu.

Namwomba radhi. Sina utetezi, ni kweli. Namwambia tu kwamba kuna mtoto hana jina.

Anauliza siku ngapi. Namjibu ishirini na mbili.

"Mimi ningelia," anasema Tano. Anamshukuru msusi, anainuka na kichwa chake cha nusu, tunaondoka.

Foleni inakamilika. Kila mmoja anagusa wino. Sifuri hana kidole, anabingirika kwenye kidau na kupita karatasini mzima mzima. Karatasi inapiga chafya na kusema imeridhika.

Simu inalia. Sasa ni kubwa kama mlango, na ndani yake ameketi yule mwanamke wa mashine, anachambua mchicha. "Bonyeza moja kama unakubali," anasema. Hajanyanyua uso.

Moja amesimama kando, mwembamba, mkono kiunoni. Anasema watu wanakubaliana wao kwa wao miaka na miaka, halafu anayebonyezwa ni yeye, na hajawahi kuulizwa. Basi namuuliza kama anakubali. Anafikiri. Anataka kujua nitambonyeza wapi. Namwambia popote panapomuuma.

Anageuka. "Hapo. Chini kidogo. Hapo hapo."

Namkandamiza kwa dole gumba mpaka mfupa unalia. Anashusha pumzi ndefu, na simu inafunguka.

"Dada," anasema Mihayo. "Shikamoo."

Hatupo mapokezi tena. Tupo uani kwetu, mimi kwenye kigoda changu, yeye kwenye benchi la gereza, katikati yetu mstari wa chaki. Amekonda shingo. Wamemnyoa vibaya upande mmoja. Nataka kumwambia, naona aibu, namwitikia marahaba.

Dakika kumi wanaingia. Ni wanawake kumi wenye sare ya kitenge kama wa kwenye harusi, wanaketi wamejipanga ukutani, mikoba mapajani. Nyuma yao anakuja afande mmoja ambaye ni sikio tupu, kubwa kama mlango wa banda, kofia ya kazi imekaa juu. Anavuta stuli.

"Mazungumzo haya yanasikilizwa," anasema afande Sikio.

Namkaribisha. Namuuliza kama atakunywa chai. Anasema asante, itamwagikia ndani.

Mihayo anaanza salamu. Anauliza habari za nyumbani, namwambia kwema. Anauliza habari za Siwema, za mbuzi, za mguu wa jirani yetu mzee Lugusha, za ule mlango wa choo uliokuwa ukining'inia. Dakika wa kwanza anasimama, anatupa mkono sote, anakwenda zake. Wa pili anamfuata. Najua tunaharibu, na siwezi kumkatiza. Mtu ambaye hujasikia sauti yake miezi minane na ushee utamwambia fupisha salamu? Anapomaliza kuwaulizia kuku, mmoja mmoja, kwa rangi, wanne wamekwisha kuondoka.

Ndipo namwambia kwamba ni binti.

Mihayo anafunika mdomo kwa mkono. Dakika wa tano anakaa mbele yake muda wake wote, anatazama kucha zake ili asimtazame yeye, kisha anatoka kwa kunyata. Mihayo anauliza mtoto kafanana na nani. Namwambia kafanana na Mama, hasa akinuna. Anacheka, analia, anapangusa vyote kwa kiganja kimoja. Anasema jina analo tangu mimba ikiwa changa, ni jina la Mama. Lakini jina la mtu aliye hai haliokotwi, linaombwa, na wa kuombwa haongei naye.

Mama ameketi hatua tatu kutoka kwangu, ametupa mgongo, anapepeta mchele. Nanyoosha mkono nimpe simu.

Karatasi inakohoa. "Sharti la nne. Simu asipewe mtu wa tatu ambaye hakuandikishwa."

Naurudisha mkono. Dakika wa sita anaangalia saa yake, na mimi naanza kuona jinsi Jumapili ya tatu nayo itakavyopita, na mtoto atakavyoanza shule akiitwa Mgeni.

Mama hageuki. Anaongea na ungo wake.

"Ungo. Hebu muulize huyo wa huko kama anakula."

"Unaulizwa kama unakula," anasema ungo. Sauti yake ni ya pumba, inakwaruza.

Sote tunamtazama afande Sikio. Afande anaitazama karatasi. Karatasi inajisoma mbele, inajigeuza, inajisoma nyuma, mpaka mhuri.

"Ungo si mtu," inasema.

"Endeleeni," anasema afande.

Mihayo anamwambia ungo kwamba anakula, ugali na maharage, hajaumwa hata siku moja. Amepangiwa kazi ya kitalu. Wanaotesha miche ya mininga, yeye peke yake amekwisha kuotesha mia mbili na arobaini, na inapoanza kuchipua huwa anaamka kabla ya kengele kwenda kuitazama.

Ungo anarusha mchele juu zaidi. Mama anasema, "Ungo. Muulize, hayo ni ya kweli, au ni kama yale ya kaburini?"

Ungo anauliza. Dakika wa saba na wa nane wanaondoka pamoja, bila kuaga, wasije wakakatiza.

"Mwambie Mama," anasema Mihayo, "ile ilikuwa uongo, na nilijua ni uongo nikiwa naapa. Kila siku nakumbuka alivyokuwa amevaa. Haya ya miche ni kweli. Sina cha kuapia tena, nasema tu."

Ungo anayarudia yote, neno kwa neno. Kwenye neno "uongo" anakwama, makapi yanamwanguka, anaendelea.

"Na mwambie naomba jina lake. La mtoto."

Safari hii ungo hasemi kitu, maana Mama amemweka chini. Mama anageuka na kigoda chake, taratibu, mpaka ametutazama sote: mimi, mstari wa chaki, na mwanawe mwenye kichwa kilichonyolewa vibaya.

"Mihayo," anasema.

Na hilo halijapita kwenye ungo. Karatasi inafungua mdomo. Kabla haijatoa neno afande Sikio anajizungusha kwenye stuli yake, anatazama ukuta, anatuachia ule upande wa nyuma ambao hauna tundu.

"Mimi huku sisikii kitu," anasema afande.

Dakika wa tisa amekwisha kwenda. Amebaki wa kumi, bibi mzee, aliyechelewa kuingia kwa sababu ya magoti. Anasimama kwa kujishikilia. Anatutangazia kwamba yeye hutembea polepole na hapendi kuharakishwa, kisha anaanza safari ya kwenda mlangoni.

"Jina hilo nilipewa na bibi yangu," anasema Mama. "Nimekaa nalo miaka sitini na minne, halijawahi kuitwa polisi. Nakuazima. Mpe mtoto. Lakini ulirudishe mwenyewe, kwa miguu yako, mpaka mlangoni pangu."

"Nitalirudisha, Mama."

"Na wakunyoe vizuri."

Yule bibi amefika mlangoni. Anatugeukia, anaona Mihayo anatafuta neno la mwisho halipati, anauzuia mlango kwa kisigino chake. Muda huu si haki yetu, wala yeye hajifichi. Mihayo anasema, "Mwambieni Siwema." Hajui aambiwe nini. Bibi anatikisa kichwa kwamba inatosha, anatoa kisigino, mlango unafungwa, simu inakatika.

Nikaamka mkekani. Simu ilikuwa kifuani, baridi, kimya. Niliitazama: hakuna aliyepiga. Saa nane na dakika ishirini na tano. Bado alikuwa na saa nzima na nusu ya kupiga, na moyo wangu, sijui kwa nini, ulikuwa mwepesi kama niliyekwisha kuongea naye.

Nikatoka uani. Siwema alikuwa amelala ndani. Mama alikuwa amekaa kibarazani anapepeta mchele, kamfunga mtoto mgongoni kwa kanga. Nikamuuliza kama simu imelia nikiwa nimelala. Akasema hapana, kilicholia ni pua yangu.

Mtoto akajitikisa, akaanza kunung'unika. Mama akatikisa mabega kumbembeleza.

"Lala," akamwambia, "lala, somo yangu."

Nikasimama pale pale na simu yangu mkononi. Somo yako ni mtu mnayeitwa jina moja, na katika nyumba ile hakuna aliyekuwa amempa yule mtoto jina lolote. Nikamuuliza Mama, nikijitahidi sauti iwe ya kawaida, mtoto amekuwa somo yake tangu lini.

"Tangu baba yake alipoomba," akasema, akapuliza makapi.