Kielelezo Chenye Uji

Katika taasisi ile ya hisani, iliyokuwa ikitoa ruzuku kwa zaidi ya miaka sitini, hapakuwa na mtu aliyeyajua masharti ya maombi kumshinda afisa wa ruzuku. Wenzake walimbandika jina la Bwana Kanuni, naye akalivaa kama nishani. Aliamini kwa dhati kwamba wosia wa marehemu mfadhili ulidumu kwa sababu haukumpendelea mtu: fomu ya profesa na fomu ya muuza maji zilipimwa kwa rula moja.

Siku ya mwisho ya kupokea maombi, ikiwa imebaki nusu saa dirisha lifungwe saa sita mchana, katibu muhtasi aliingia ofisini kwake akijiziba mdomo asicheke.

"Mzee, kuna ombi limefika. Haliingii kwenye bahasha."

Mapokezini alikuwapo mama wa makamo mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa fundi seremala, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kilichotaka ruzuku ya kufundisha mafundi ishirini kutengeneza viti vya watoto wasioweza kuketi bila kuegemezwa. Mbele yake kilisimama kiti kidogo cha mbao, chenye mikanda ya kifuani na kimeza cha kulia chakula. Fomu ilikuwa imefungwa kwenye mguu wa kiti kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo.

"Mama, hii ni nini?" Bwana Kanuni aliuliza alipofika.

"Ombi, kaka. Mmeandika: 'Mwenyekiti aambatanishe kielelezo cha kazi.' Mwenyekiti ni mimi, kazi ndiyo hii, na nimeiambatanisha. Vuta uone kama itachomoka."

Katibu muhtasi aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Tulikusudia picha, mama."

"Basi mngeandika picha."

Bwana Kanuni akaisoma tena fomu. Sentensi ile aliitunga mwenyewe, na kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba ina tundu.

Mhasibu, aliyekuwa akipita na kikombe mkononi, alisimama. "Hiyo ni zawadi! Kifungu cha tisa: mwombaji akileta zawadi, anafutwa. Mwaka juzi si ulimfuta mtu kwa sababu ya kalenda?"

Ni kweli, alimfuta. Bwana Kanuni alichuchumaa, akakipindua kiti taratibu. Chini ya kimeza uji ulikuwa umekaukia, na ukingoni palikuwa na alama za meno mawili.

"Kiti hiki cha nani?"

"Cha mjukuu wangu. Nimekiazima kwake asubuhi, na hakufurahi hata kidogo. Sasa hivi amelala chali, anatazama dari. Akiwa kitini hututazama sisi, tena hutucheka. Kwa hiyo nitaondoka nacho, kaka. Anakula saa saba."

"Zawadi haiji na uji," Bwana Kanuni alimwambia mhasibu, "wala mtoaji haidai kabla ya chakula cha mchana. Kifungu cha tisa hakihusiki."

"Haya. Basi ni kiambatanisho, na viambatanisho havirudishwi. Akiondoka nacho, ombi halina kielelezo, na halisomwi."

Tabasamu la mama likazimika. "Yaani nichague? Mjukuu wangu au mafundi ishirini?"

Bwana Kanuni angeweza kufumba jicho, nani angejua? Lakini anayemfumbia jicho leo mtu aliyemwonea huruma, kesho atamfumbia shemeji yake. Akasimama wima.

"Kiambatanisho cha asili kinaweza kurudishwa, ilimradi nakala iliyothibitishwa ibaki jaladani."

"Nakala ya kiti!" mhasibu akaangua kicheko. "Utakilaza kwenye mashine ya fotokopi?"

"Mama, una futi?"

"Fundi bila futi? Labda wewe bila muhuri!"

Bwana Kanuni, na suruali yake iliyonyooshwa ikasimama mstari, akapiga magoti sakafuni na penseli. Mama alipima na kutaja, yeye akachora: mgongo, mwinamo wa kikalio, tundu za mikanda.

"Hapo umemvunja mtoto shingo, kaka. Pandisha kidogo."

Akafuta, akapandisha. Punde mhasibu naye akajikuta ameshika ncha ya pili ya futi. Zikiwa zimebaki dakika tatu, muhuri uligonga karatasi: NAKALA HALISI.

Wiki mbili baadaye bodi ilikutana. Maombi mengi yalikuwa na picha za watu wakikata utepe. Mwenyekiti wa bodi aliuchunguza mchoro ule, akauinua.

"Kwa karatasi hii, hata mimi ningekitengeneza hiki kiti."

"Wewe?" mjumbe mmoja akamchokoza. "Labda ufundishwe kwanza."

"Ndicho wanachoomba," alisema Bwana Kanuni. "Kufundisha."

Ombi likapita bila kura ya kupinga. Alipompigia simu yule mama, randa ilinyamaza upande wa pili, kisha vikasikika vigelegele vya karakana nzima.

"Kaka, nikuulize, usinifute! Siku ya kufungua mafunzo tukikupa chai, ni zawadi?"

Alifikiri kwa uzito wote ambao swali hilo lilistahili.

"Mkinichemshia mimi peke yangu, ni zawadi. Chemsheni ya watu wote, mama, nami nitapanga foleni."