Bibi Aliyekufa Mara Nane

Darasa la Kifaransa la kidato cha sita lilikuwa na wanafunzi tisa, na wote tisa walikuwa na baba daktari, mama muuguzi, mbwa mweupe na bibi aliyefariki Jumamosi ya mvua huku amemshika mjukuu wake mkono. Ukoo huo wote aliutunga mkuu wa idara ya lugha, mwalimu ambaye wanafunzi walimbandika jina la Subjonktifu, kwa sababu alikipenda kipengele hicho cha sarufi kuliko alivyopenda kusalimiwa. Kila mwaka aliugawa ukoo wake kwenye karatasi mbili zilizobanwa pini. Wanafunzi waliumeza, wakautapika mbele ya mtahini, wakapata alama za kusukuma maisha, wakasahau. Ukikutana na waliomaliza zamani, ukawauliza kwa Kifaransa ni saa ngapi, wanakujibu kwamba mbwa wao ni mweupe.

Mwalimu wa mkataba, mwanamke ambaye Subjonktifu alimwita Kibarua kwa kuwa aliajiriwa muhula kwa muhula, alizisoma karatasi zile siku ya kwanza akacheka. Alidhani anataniwa.

"Sasa kaka, huyu bibi ni lazima afe?"

"Kifo kina sarufi nzuri," alijibu Subjonktifu, akipangusa chaki kwenye tai. "Bibi akifa unapata nyakati zilizopita za aina tatu. Aliye hai ana wakati mmoja tu. Atatusaidia nini?"

Kibarua alizikunja karatasi, kazi ilikuwa bado changa. Yeye Kifaransa hakukipata kwenye karatasi. Alikipata kwenye sinki la hoteli moja ng'ambo ya mpaka, povu hadi viwikoni, mpishi akimfokea kisogoni. Ukifokewa miaka minne na mtu mwenye kisu, unaelewa, upende usipende. Baadaye akaenda chuo cha ualimu, wakampa cheti cha kuthibitisha yale ambayo masufuria yalishayajua.

Kwa hiyo kila Alhamisi, Subjonktifu akiwa kwenye kikao cha wakuu wa idara, Kibarua aliwagombanisha watoto. Alileta mbele kiti kilichovunjika mguu. Mmoja akiuze, mwingine akikatae, kwa Kifaransa, bila daftari. Makosa aliyaacha yapite kama mbu mpaka ugomvi uishe, ndipo akaandika matatu ubaoni.

"Matatu tu, Madamu? Tumekosea kama mia!"

"Hayo mengine mtayakosea vizuri zaidi wiki ijayo."

Aliyeteseka kuliko wote alikuwa binti wa Subjonktifu mwenyewe. Wenzake walimwita Kaseti: ukimbonyeza, anaimba ukurasa mzima bila kumeza mate. Kaseti alikuwa na jambo zito kichwani. Chuo cha ukalimani kilikuwa kimempa nafasi kwa sharti moja, apate alama ya juu kabisa kwenye mtihani wa mdomo. Baba yake aliibandika barua ile sebuleni, juu ya televisheni, ili hata taarifa ya habari isimsahaulishe. Lakini mbele ya kiti kibovu, mkalimani mtarajiwa alisimama kama nguzo.

"Madamu, hili halimo kwenye karatasi."

"Na maisha yako je, yamo?"

Wiki ya tano, mwenzake alipomng'ang'aniza kiti, Kaseti alilipuka: "Kiti chako kinanuka, na wewe pia!" Makosa manne kwenye sentensi moja. Darasa lilipiga meza kwa shangwe. Kwa bahati mbaya kikao cha wakuu wa idara kilikuwa kimevunjika mapema, na Subjonktifu alikuwa mlangoni.

"Unamfundisha binti yangu matusi?" aliuliza korido nzima isikie.

"Namfundisha kujibu, kaka."

"Kujibu nini? Majibu nimeshayaandika!" Alikichukua kiti, akakifungia stoo kama mhalifu. "Ukirudia haya, muhula ujao utafute sinki lako."

Siku ya mtihani mtahini alikuja kutoka baraza la mitihani, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Chumba alichopewa kilikuwa na mlango uliovunjika kitasa, haukufungika sawasawa, na Kibarua aliwekwa nje kuwaita wanafunzi mmoja mmoja. Kando yake, kwenye benchi, alikaa ajuza mmoja aliyevaa viatu vyake vya safari. Huyo ndiye alikuwa mama mzazi wa Subjonktifu, bibi yake Kaseti, mzima wa afya. Tangu Kaseti aanze darasa la kwanza, hakuna mtihani aliofanya bila bibi huyo kumsindikiza.

"Mwanangu," alimnong'oneza Kibarua, "humo ndani wanasema nini?"

"Wanasimulia habari za bibi zao, mama."

"Looo! Na watu wanasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Wanawasifu?"

"Mpaka kaburini, mama."

Mwanafunzi wa kwanza mtahini alimpa pole. Wa pili vilevile. Wa nne alipofika kwenye mvua, kalamu ya mtahini ilisimama. Kwa wa nane, mtahini mwenyewe ndiye aliyetangulia: "Jumamosi?"

"Jumamosi, Madamu," alijibu kijana kwa majonzi, na hakujua kwa nini mtahini alivua miwani akajifuta macho.

Mtahini alitoka nje kunyoosha miguu. Subjonktifu alimrukia na tabasamu. Mtahini akamwambia kwa Kifaransa cha haraka, "Pole sana, mwalimu. Mtaa mmoja kupoteza mabibi wanane kwa Jumamosi moja si mchezo. Au marehemu alikuwa mmoja, ila mikono yake ndiyo iliyokuwa mingi?"

Miaka kumi na tisa ya kufundisha Kifaransa! Subjonktifu alifungua mdomo, akatafuta karatasi ambayo hakuwahi kuiandika, kisha akasema, "Asante."

Kibarua aligeukia ukuta, akauma kiganja.

Mtahini aliporudi ndani, Subjonktifu alimvuta binti yake pembeni. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. "Usibadilishe hata nukta. Wenzako walisema vibaya, wewe sema vizuri."

Kaseti alimwangalia Kibarua.

"Kiti kinanuka, binti," Kibarua alimwambia taratibu. "Ingia."

Sauti ya Kaseti ilianza kama kawaida yake, laini: baba daktari, mama muuguzi, mbwa...

"Ngoja," alisema mtahini. "Na wewe bibi yako alifariki Jumamosi?"

Nje, Subjonktifu aliitikia kwa kichwa, eti amtumie binti jibu kupitia ukuta.

"Hapana, Madamu," alisema Kaseti. "Bibi yangu yuko nje. Kwenye benchi. Amekalia pochi yake ili isiibiwe."

"Hapa shuleni?"

"Popote. Hata hospitali." Maneno yalitoka yakijikwaa, kama mtu aliyevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. "Hajui Kifaransa. Lakini sauti yangu ikitetemeka, anakohoa."

Ilitetemeka. Na pale kwenye benchi bibi akakohoa, kikohozi cha mtu anayeita mbuzi.

Mtahini alicheka kwa sauti. "Mimi naona anapoteza muda. Mwambie arudi nyumbani."

"Mwambie wewe, Madamu! Mimi simwezi. Hata baba simwoni akimweza."

"Na mimi ndiye mtahini. Nikikuamuru?"

"Basi utabaki na bibi yangu na pochi yake, mimi nitakimbia."

Wenzake walikuwa wanamaliza kwa dakika saba. Kaseti alikaa ishirini na mbili, akibishana. Subjonktifu alisimama mlangoni akihesabu makosa kwa vidole, vidole vikaisha, akaanza upya.

"Kumi na saba," alisema, uso umempauka. "Kaniua."

Bibi alishtuka. "Nani kafa?"

"Leo hakuna, mama," alisema Kibarua. "Wa leo amepona."

Matokeo yalipotoka, wanane walipata alama za kusukuma maisha. Kaseti alipata ya juu kabisa. Barua ya chuo ikabanduliwa juu ya televisheni, ikaingizwa kwenye begi la safari.

Muhula mpya ulipoanza, Kibarua alikuta kiti chake kibovu kimerudishwa darasani, na mkataba mezani. Juu ya mkataba kulikuwa na karatasi mbili zilizobanwa pini. Subjonktifu alisimama kando, kifua mbele, tai imejaa chaki.

"Nimesikia ushauri wako, mdogo wangu. Nimeandika upya kila kitu. Sasa bibi yuko hai, amekaa kwenye benchi, amekalia pochi. Wote watalikariri hilo."

Kibarua alifunua ukurasa wa kwanza, kisha wa pili.

"Na hapa je, kaka? Hii alama nyekundu ni ya nini?"

"Hapo," alisema Subjonktifu, "ndipo wanapokohoa."