Rili ya Sita

Sehemu ya nane na ya mwisho ya "Taa ya Zohali" ilimalizika Jumapili, saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Mama Mkubwa alizima televisheni kabla majina ya waigizaji hayajaanza kupita, akaomba kalamu.

"Wameiua," alisema. "Wameiua, halafu wametualika tuje kuangalia."

Tulikuwa wanne sebuleni. Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu, aliendesha mashine ya filamu katika sinema ya mji wetu kwa miaka ishirini na sita, mpaka jengo likageuzwa ghala la magodoro. Mama Mkubwa ni mwalimu mstaafu wa jiografia, na hata mumewe humwita Mwalimu. Mgeni wao alikuwa Mzee Tiketi, jina alilobaki nalo tangu enzi za kukaa kwenye kidirisha cha sinema hiyohiyo. Wa nne ni mimi. Napima maji katika maabara ya mamlaka ya maji, na Jumapili huwa kwao.

Filamu ya zamani iliyozaa tamthilia hii ya televisheni, ile iliyofika mjini kwetu miaka thelathini na tisa iliyopita, ilikuwa na mhusika mmoja tu wa maana: mwanamke fundi anayelinda taa kubwa karibu na sayari ya Zohali ili vyombo vinavyopita visigonge mawe ya pete zake. Yuko peke yake miaka sita. Mwishoni chombo kinakuja kumchukua. Anavaa, anafika mlangoni, anasimama, kisha anageuka na kurudi kwenye taa. Taa za ukumbi zinawashwa. Watu wa rika la Mama Mkubwa bado hushusha sauti wanapofika hapo.

Katika tamthilia mpya taa inaongea, tena inatania. Fundi amepewa mchumba, adui na nywele ambazo hazivurugiki hata mahali pasipo na hewa. Muziki haunyamazi, ilhali katika filamu ya zamani dakika nzima hupita ukisikia mtu anapumua tu. Yote hayo Mama Mkubwa aliyavumilia kwa wiki saba, kwa kuguna. Kilichomshinda ni mwisho. Safari hii fundi aligeuka vilevile kuelekea taa, lakini nahodha akamfuata, akamshika mkono, akamrudisha nyumbani. Akavishwa medali. Akapakata mjukuu.

"Medali!" Mama Mkubwa alisema. "Mtu ameacha dunia nzima kwa ajili ya wasafiri asiowajua, ninyi mnamtundikia bati shingoni."

"Na mjukuu kamtoa wapi?" Mzee Tiketi aliuliza. "Miaka sita huko juu peke yake. Au kaletewa kwa posta?"

Baba Mkubwa hakucheka. Alikuwa bado anaitazama televisheni iliyozimwa.

"Kwa hiyo ndivyo inavyoisha," alisema.

"Ndivyo walivyoiharibu," mkewe alimsahihisha, na kuanza kuandika.

Barua ilikuwa ya kituo cha televisheni. Kila Jumamosi asubuhi wana kipindi cha kusoma barua za watazamaji, na humtaja mwandishi kwa jina. Mama Mkubwa aliandika aya tatu. Aya ya pili, iliyobeba hoja yote, ilisema kwamba watayarishaji wameubadilisha mwisho wa filamu bila haki wala aibu, na kwamba shahidi wa jambo hilo ni mji mzima. Mzee Tiketi alisaini hapohapo. Siku mbili zilizofuata Mama Mkubwa alipita nyumba kwa nyumba kwa watu waliokuwa wakienda sinema zamani. Kufikia Jumanne jioni alikuwa na saini thelathini na moja. Ya mumewe haikuwemo. Alisema atasaini mwisho.

Mimi sikuwahi kuiona filamu ya zamani. Niliitafuta Jumanne hiyo, kwa sababu barua inayodai kitu kimebadilishwa inahitaji kuambatana na kile cha mwanzo. Niliipata kwenye mtandao, halali na kamili. Urefu wake ulikuwa saa moja na dakika hamsini na nane. Baba Mkubwa amekuwa akituambia tangu tukiwa watoto kwamba "Taa ya Zohali" ilikuwa dakika mia moja kamili, rili tano, kila rili dakika ishirini. Rili ni lile gurudumu linalozungushiwa mkanda wa filamu, na mtu aliyezibeba kwenye ngazi kwa miaka ishirini na sita hakosei idadi.

Niliangalia dakika kumi na nane za mwisho. Nahodha alimfuata fundi. Medali ilikuwepo. Mjukuu alikuwepo.

Jumatano nilipotoka kazini nilimkuta Baba Mkubwa barazani, amefungua pasi ya umeme na kupanga skrubu zake juu ya gazeti. Mama Mkubwa alikuwa dukani kununua bahasha. Nilimweleza nilichoona, kwa takwimu.

Aliweka bisibisi chini.

"Zilikuwa rili sita," alisema.

Kisha akanieleza. Usiku wa kwanza wa filamu hiyo alikuwa peke yake katika chumba cha mashine, msaidizi wake anaumwa. Mikono ilikuwa imejaa, akaitua rili ya sita juu ya paa la taa ya mashine. Paa hilo huwa moto kiasi cha kuchemsha chai. Kila mwendesha mashine hukatazwa hivyo siku ya kwanza ya kazi, na kila mmoja anajua mwenzake aliyefanya hivyo. Rili ya tano ilipobakiza dakika nne alinyanyua ile ya sita na kukuta mkanda umejikunja na kugandana kuwa donge moja. Mashine isingeweza kuupokea.

"Nikachungulia kwenye tundu. Yule mama ndiyo anageuka kurudi kwenye taa. Nikafunga mwanga taratibu kwa mkono, nikawasha taa za ukumbi taratibu. Nikasubiri wanitukane."

"Wakafanya nini?"

"Kimya. Halafu wakapiga makofi. Kuna mtu alikuwa analia, nilimsikia hadi juu."

Meneja hakuwa mtu wa kutazama filamu. Mji wetu ulikuwa wa mwisho katika mzunguko wa nakala ile, na wenye filamu walipoichukua hawakuyafungua makasha ya rili. Iliendelea kwa wiki tisa, rili tano tano.

"Na rili ya sita uliiona lini?"

"Jumapili," alisema. "Nilikuwa nimekaa hapo na ninyi."

Nilimwambia yaliyo dhahiri. Barua ingepelekwa Alhamisi, ingesomwa Jumamosi, na kituo kina filamu ya zamani kwenye rafu. Wangeonyesha dakika hizo kumi na nane na kumtaja jina mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kumwacha mwanafunzi apite na ramani isiyo na kipimo.

"Alikuja mara kumi na moja," alisema. "Mara ya nne akanisubiri chini ya ngazi. Ananiuliza, kaka, kwa nini yule mama amerudi kwenye taa? Mimi najua nini? Nikamwambia, kwa sababu kuna chombo kingine kiko njiani, na aliyemo hajui kama kuna mtu anamngoja." Akaokota skrubu, akairudisha. "Huwa anawaambia watu alinipenda kwa jibu hilo."

"Mwambie kabla hajafunga bahasha."

"Wewe mtoto una moyo wa kipimajoto."

"Kipimajoto hakimwaibishi mtu kwenye televisheni, Baba Mkubwa."

Alimwambia palepale barazani, Mama Mkubwa aliporudi na bahasha mkononi. Hakupamba. Alianza na paa la taa na kumalizia na makasha. Mama Mkubwa alimsikiliza amesimama, kisha akanigeukia.

"Ipo?"

"Ipo."

"Nionyeshe."

Tuliziangalia dakika zote kumi na nane kwenye kompyuta yangu. Nahodha alipomshika fundi mkono, Mama Mkubwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hata medali ni ileile," alisema ilipokwisha. "Kumbe wale watu wa televisheni hawajabadilisha kitu hapo."

"Hapo hapana," nilisema.

Alivuta kiti, akakaa mbele ya mumewe, akaanza kumuuliza kama anayesimamia mtihani wa mdomo. Ilikuwa siku gani? Nani mwingine alijua? Alipokwenda kumposa kwao, na baba yake akamuuliza habari za filamu hiyo, alijibu nini? Baba Mkubwa alijibu kila swali kwa sentensi moja.

"Na siku ile pale kwenye ngazi. Ulikuwa unafikiri au ulikuwa unatunga?"

"Mwalimu, ulikuwa umesimama mbele yangu na kitambaa cha kufutia machozi. Sikupata nafasi ya kutofautisha."

"Miaka thelathini na nane nimelala kitanda kimoja na mtu aliyekata mwisho wa filamu."

"Sikuukata. Niliuunguza."

"Usinichekeshe, nina hasira."

Alikuwa nayo kweli. Aliinuka, akaenda jikoni, na tulisikia bomba likifunguliwa na kufungwa bila chombo chochote kuoshwa. Baba Mkubwa alitazama mikono yake. Baada ya kama dakika kumi Mama Mkubwa alirudi na barua.

"Watu thelathini na mmoja wamesaini kwa neno langu," alisema. "Siwezi kuichana tu kimyakimya. Wataambiwa mmoja mmoja. Vaa viatu."

"Mimi?" Baba Mkubwa aliuliza.

"Mimi niliunguza rili?"

Tulianza kwa Mzee Tiketi, aliye karibu. Alikuwa amekaa mlangoni akijikata kucha. Baba Mkubwa alisimama nyuma, na ni mkewe aliyeeleza kisa chote. Mzee Tiketi alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kutoka kwenye kidole chake.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?" Mama Mkubwa aliuliza.

"Shemeji, bango lilikuwa limebandikwa juu ya kichwa changu. Saa moja na dakika hamsini na nane. Watu wanatoka baada ya saa moja na dakika arobaini. Wiki tisa. Mimi hesabu hiyo sitaiona? Nilikuwa nawahi nyumbani, namshukuru Mungu."

"Na hukusema?" Baba Mkubwa alisema.

"Niseme ili iweje, Mashine?" alisema, kwa jina alilomwita tangu enzi za sinema. "Walikuwa wanatoka wanalia, kesho wanarudi na dada zao."

Mama Mkubwa alikunjua barua. "Basi nifute saini yako."

"Usiifute."

"Umesaini uongo, tena ukijua."

"Nimesaini kwamba mwisho wao ni mbaya. Ni mbaya. Ulikuwa mbaya tangu zamani, sisi tu tulikuwa na bahati." Akaweka mkasi wake chini. "Andika upya. Waambie walikuwa na nafasi ya kuurekebisha na hawakuurekebisha. Hilo nalisaini hata mara mbili."

Mama Mkubwa alifikiri. Kisha akaiegemeza karatasi kwenye ukuta wa Mzee Tiketi, akaikata aya ya pili kwa mistari miwili iliyonyooka, akaandika juu yake kwa herufi ndogo. Alisoma kwa sauti: kwamba katika mji huu filamu ilionyeshwa kwa mwisho ulio bora kuliko wa watengenezaji wake, kutokana na uzembe kazini, na kwamba tamthilia mpya ingefaidika kwa kuuiga.

"Uzembe?" Baba Mkubwa alisema.

"Ulikuwa nini?"

"Uzembe," alikubali.

"Nitataja aliyeufanya, kwa jina na kwa kazi yake."

"Mwalimu, nakuomba."

"Barua isiyo na chanzo siandiki. Ukiona aibu, tembea nyuma yangu."

Aliikunja barua na kushika njia bila kumngoja. Ilibaki milango thelathini. Kwa muda tulimfuata, mimi na Baba Mkubwa, yeye akiburuza miguu kama mtoto anayepelekwa kwa mwalimu mkuu. Tulipoukaribia mlango wa pili aliongeza mwendo, akampita mkewe, na ni yeye aliyebisha hodi.