Moto Mdogo Kwanza

Ta. Shadya alishtuka gizani, kumbe ni kijiti tu kilicholia motoni. Jiko lake la tatu, la majivu ya volkano na kostiki ya kutengenezea sabuni kama walivyofundishwa darasa la jioni, ndiyo kwanza linaonja moto. Mawili ya mwanzo yalipasuka.

"Likipasuka na hili, darasa basi," alisema mama mkwe wake, Bi Asia, amesimama mlangoni na kuni. "Chochea, tunywe chai."

"Bado, mama. Ukuta una maji ndani. Moto mkali ukiyabana, yanakosa pa kutokea, yanaupasua."

"Kama wewe humu kwangu."

Tangu ajifungue Yusra, Shadya hana pengine pa kwenda ila darasani. Aliendelea kutia vijiti viwili viwili, mvuke ukifuka taratibu ukutani. Kulipopambazuka ulikwisha, akapokea kuni kwa Bi Asia, akazitia zote. Moto ukavuma, ukuta ukaiva mwekundu. Wote wawili walitega sikio.

Yusra, miaka minne, alichungulia chini ya sufuria ya chai iliyokwisha kutelekwa.

"Bibi, jiko halijapasuka."