Tangi la Kina Byrne

Jumamosi alasiri, nyumbani kwa mzee Condy Byrne pale Killybegs, mji wa wavuvi huko Ireland, maji ya moto yalikwisha tena Grania, bintiye, akiwa amelowesha vidole tu. Alikuwa ametoka kiwandani, kutwa nzima anatoa minofu ya samaki juu ya barafu. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, hata vifungo vya koti alivifungua kwa meno. Alichotaka ni kuiloweka mikono ile kwenye hodhi la maji ya moto mpaka irudi kuwa yake. Hakuomba meli.

Jumamosi watu huoga kabla ya misa ya jioni. Huanza mzee Condy, kwa sababu ndiye baba. Hufuata Manus, mwanawe, fundi bomba, mwenye mke na nyumba ya mabafu mawili, ila Jumamosi lazima aje kuoga kwao. Mcheza kwao hutunzwa, na muogaji naye huwekewa taulo. Mwisho ni Grania, ambaye ndiye hulifua hilo taulo.

"Hili tangi bovu," Grania alisema. "Manus, hebu litazame bwana."

Manus akalitazama. Alifungua kabati la tangi, akaondoa soksi za baba zilizokuwa zinakauka humo, akapima kidhibiti joto, akachomoa koili inayopasha maji na kuikwangua chokaa, akalivika tangi blanketi jipya la kutunza joto. Aliligonga na kutega sikio kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Alikagua kila kitu isipokuwa waliooga kabla ya dada yake, maana hiyo si kazi ya fundi.

"Tangi ni zima kabisa," alisema. "Labda baridi unayo mwenyewe, dada."

Jumamosi iliyofuata maji yalikwisha hata mzee Condy hajaoga. Hapo sasa ndipo likawa tatizo. Mzee alipanda ngazi na taulo begani, akakuta mlango wa bafu umefungwa kwa ndani, mvuke unatokea chini yake.

"Nani humo?"

"Mimi," alijibu Nuala, mkewe, waliyemzika mwaka juzi.

"Ahaa. Umewasha swichi ipi? Ya sinki au ya bafu?"

Katika nyumba ile swichi ya tangi ina pande mbili. Sinki hupasha maji ya kuoshea vyombo. Bafu hupasha tangi zima. Uhai wake wote Nuala hakuwahi kuigeuza upande wa bafu kwa ajili yake mwenyewe, na mtoto aliyeisahau ikiwaka alisemwa mpaka Pasaka.

"Ya bafu," alisema Nuala.

Mzee Condy alilazimika kukaa kwenye ngazi.

"Condy, maisha yangu yote nimeoga mabaki yenu," Nuala aliendelea, bila hasira. "Povu lako, nywele za Manus. Na huko nilipo kuna baridi, we acha tu. Mwanzoni nilikuwa nawangoja mmalize. Leo nimeona nitangulie."

"Kumbe ni mama!" Manus alisema kutoka chini, roho imemtulia. "Nilijua tu koili yangu haina kasoro."

Kikao kikafanyika jikoni, kwa chai na mkate wa magadi. Nuala alikaa kwenye kiti chake karibu na jiko, nywele zinadondosha maji, na kwa mazoea akainuka kumjazia Manus kikombe. Mzee Condy alitoa hukumu. Yeye na Manus wataanza mapema, mara tu baada ya chakula cha mchana. Kisha marehemu. Kisha Grania. Haki imetendeka, kila mtu kapata zamu.

"Na mimi nitaoga nini?" Grania aliuliza.

"Wewe bado kijana," alisema mzee. "Damu inachemka."

Jumamosi iliyokuja Grania alirudi na mikono myeupe kama mishumaa. Mama yake alikuwa juu, anajifuta.

"Mama, wiki ijayo niachieni nianze mimi. Mara moja tu. Nakuomba."

Nuala hakushtuka alipokufa, wala aliporudi. Sasa alishtuka.

"Kabla ya baba yako? We mtoto una wazimu?" Kisha akamhurumia, akampapasa shavu. "Njoo, mwanangu. Sijachomoa kizibo. Nimekuachia maji yangu, kama mama yangu alivyokuwa ananiachia."

Grania alitumbukiza mikono. Kaburi lilikuwa limeyapoza kuliko barafu ya kiwandani.

"Asante, mama," alisema, maana alilelewa vizuri.

"Grania!" mzee Condy aliita kutoka chini. "Umeizima hiyo swichi?"

Akaenda kuizima. Aliibonyeza kwa kiwiko, kwa sababu vidole havikuwa vinasikia kitu.