Mama Mkwe Chini ya Winchi

Serikali ilipotangaza kwamba hakuna mtu atakayeendesha winchi bila cheti, mume wangu Nyongesa alicheka. Siku ya mtihani hakucheka. Ukikosa cheti unarudishwa kubeba magunia, na mama yangu alikuwa ameshaapa: Nyongesa akigusa gunia tena, mimi narudi kwetu. Nami nampenda mwanamume yule, pamoja na masikio yake makubwa.

Mkaguzi Mzungu alisimama kwenye uwanja wa magogo, hapa Eldoret, kofia yake mkononi. Alikuwa ameiokota chini, kwa sababu Kipyego, aliyetangulia, alipitisha gogo juu ya kichwa cha Mzungu likaiangusha. Kipyego sasa alikuwa ameketi juu ya gunia lake jipya, amenuna.

Nyongesa akapanda kwenye kibanda cha winchi. Gogo kutoka msitu wa Kaptagat likainuka taratibu, likaanza kuzunguka. Nilishika ua wa uwanja kwa mikono miwili nikaomba kwa Kibukusu, kisha kwa Kiswahili, maana sikujua mambo ya serikali huombewa kwa lugha gani.

Ndipo mama yangu, Tryphosa, akaingia langoni. Kungoja habari nyumbani kulikuwa kumemshinda. Akakata uwanja katikati, moja kwa moja kuelekea chini ya gogo.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mwanamume huingia kichakani. Sasa huko juu angepata wapi kichaka? Nyongesa alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, akajitupa sakafuni, akajifunika uso kwa shati. Gogo likasimama hewani, tuli.

"Basi, tumekwisha," nikasema, na machozi yakanitoka.

Mkaguzi akapiga makofi!

"Mzuri sana! Wewe ona mama, wewe simamisha mara moja! Ile ingine hapana ona mtu!" Akaandika cheti palepale, juu ya goti.

Kipyego akaruka kutoka kwenye gunia. "Mama, kesho nikijaribu tena, utanipitia na mimi?"

"Wewe umeoa kwangu?" mama akamjibu.

Nyongesa akateremka, akakimbilia nyuma ya rundo la mbao. Kutoka huko akapaza sauti: "Rosebella! Ambia mama asante sana!"

Mama akageuka, akatazama upande wa ua, akijitahidi asicheke.

"Mwambie huyo mtu," akasema, "mke ni wake."

Nilicheka mpaka nikaketi chini kwenye vumbi.