Pole Iliyonata

Neno lenyewe ni pole. Nililisema mara moja tu, kwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, na kijana aliyevaa vipokea sauti akaniambia safi, mama, inatosha. Walikuwa wanatengeneza gemu. Walitaka sauti ya nesi anayemwinamia mtu aliyeanguka, nami nauza kwenye duka la dawa. Pole ndiyo salamu yangu kutwa nzima.

Gemu ikatoka na kasoro. Mchezaji akianguka kati ya kitanda na ukuta, nesi anamwinamia, shingo inapinda hadi kisogoni, halafu ananata hapohapo: pole, pole, pole, pole, mpaka uzime simu. Watu wenye akili wangerekebisha. Hawa waliona wachezaji wanamiminika kumtazama nesi aliyenata, wakamwacha. Mtandaoni sauti yangu ikabandikwa kwenye video za kila aina: kwa mpiga penalti aliyepaisha mpira, kwa bwana harusi aliyedondosha keki, kwa mbuzi aliyenasa kichwa kwenye ndoo. Wachezaji wakazua hata kitenzi. Ukifa kizembe kwenye gemu, umepolewa, na aliyekuua anakuja kukuinamia shingo ikiwa imepinda.

Nani angejua ni mimi? Binti wa dada yangu. Aliitambua sauti, akaweka picha yangu mtandaoni na maneno haya: "Nesi wa Pole ni mama mdogo wangu!" Alinionea fahari, mtoto yule. Tangu hapo vijana wakawa wanakuja dukani bila ugonjwa. Wananunua pipi za kikohozi, simu zimeinuliwa, wanangoja niseme. Siku moja aliingia mama na mtoto anayechemka kwa homa. Nikamwambia pole, na nyuma yake wakaangua kicheko. Yule mama alinitazama mimi, si wao.

Nilifunga duka nikaenda moja kwa moja kwa dada, nikampa binti yake vidonge vyake, bila kumung'unya maneno. Dada akasimama na mwanawe.

"Mtoto anakupenda, wewe unamwita mpumbavu? Ndani ya nyumba yangu?"

Nikakata mguu. Neno lile nalo nikaliacha kabisa. Wagonjwa nikawa nawapa dawa na maelezo tu: kutwa mara tatu, baada ya kula, anayefuata.

Kisha binti akafa. Gari lilimgonga akivuka barabara kwenda kazini, hata hospitali hakufika.

Msibani ua ulijaa marafiki zake, wengi wao wachezaji wenzake. Nilipoingia waligusana viwiko, niliwaona. Nikapita kama sijaona, nikaketi sakafuni karibu na dada, nikamshika mkono, nikanyamaza. Niliogopa, nasema kweli. Kicheko kimoja tu kikitoka pale mlangoni, dada hatanisamehe mpaka naingia kaburini. Wakaja majirani, wakaja wafanyakazi wenzake marehemu, kila mmoja na pole yake, na dada akawaitikia wote, "Tumeshapoa." Mwishowe akanigeukia. Macho yalikuwa yamevimba.

"Watu wote wamenipa pole, mdogo wangu. Hata muuza mkaa. Bado wewe."

"Dada..."

"Au mpaka leo una kinyongo na maiti?"

Nikasema. "Pole, dada."

Hakuna aliyecheka. Lakini kumbe neno lile nililibana muda mrefu mno, likatoka na mengine nyuma yake. Pole, pole, pole, pole. Sikuweza kujizuia. Kichwa kimeniangukia begani kwake, shingo imepinda, kamasi zinanitoka, namlilia mtoto niliyemtukana, na mdomo unarudia lilelile. Dada akanikumbatia kwa mikono miwili. Nikajua yamekwisha.

Kesho yake video ilikuwa kila mahali. Mtu alinirekodi akiwa mlangoni. "Nesi wa Pole ananata kwelikweli," waliandika, na vikatuni vya mbavu sina. Wengine wakabisha: huo si msiba, ni tangazo la gemu, hebu itazameni shingo ile, mama kalipwa huyo. Wengi wakaafiki.

Nilimkuta dada jikoni, ameshika simu ya marehemu. Video ilikuwa inaingia humo mfululizo, watu wakimtumia binti yake kama walivyozoea, bila kujua kwamba hayupo, au wakijua. Dada aliitazama mpaka mwisho, akairudia. Hakupandisha sauti.

"Niambie ukweli, mdogo wangu. Ile pole uliyonipa jana, ulikuwa unaigiza?"

Nilitaka kumwapia. Nilitaka kumwambia kwamba maishani mwangu sijawahi kulisema neno lile kwa moyo wote kama jana. Nikafungua mdomo, na neno la kwanza kutoka likawa hilohilo.